Shajara ya 300 SE: miezi saba na gari la 1988

Siku ya 1. Odometa (kipima kilomita): 214,386

Gari limefika kwa miguu yake. Ni Mercedes-Benz 300 SE ya 1988, bodi ya W126, injini ya M103 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Rangi ni buluu iliyokoza. Ngozi ya kiti cha dereva imepasuka ukingoni, pale ambapo kila aliyeshuka alijiburuza nayo. Mlango ukifungwa unatoa ule mlio mzito ulioniponza tangu nikiwa mtoto. Kuna harufu kidogo ya petroli nyuma upande wa kulia, na hiyo nimeiandika ya kwanza kabisa kwenye daftari.

Kwa wasiolijua: bodi hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1979, ikarekebishwa 1985, na hapo ndipo injini yangu ilipoingia. Uzalishaji Sindelfingen ulikoma 1991. Zilitoka zaidi ya laki nane, ndiyo maana spea zake bado zinapatikana. Watu hupenda kusema ni gari rahisi kwa kuwa halina kompyuta. Si kweli. Lina kompyuta ya petroli na lina ya ABS, breki zisizoacha magurudumu yafunge. Lisichonacho ni kompyuta ya kukuonyesha penye ubovu, na kazi hiyo sasa ni yangu.

Limekuja na mfuko wa risiti. Nimekaa nao jioni nzima kuzipanga kwa tarehe. Wenye gari waliotangulia walikuwa na lalamiko moja: gari likizimwa likiwa la moto, kuliwasha tena baada ya nusu saa ni taabu. Kwa lalamiko hilo walinunua plagi, wakanunua betri, wakanunua stata, wakanunua koili, na miaka miwili iliyopita wakanunua pampu ya petroli. Risiti zote hizo, na hakuna hata moja ya kupima chochote.

Nimelizima, nikanywa maji, nikasubiri nusu saa, nikaliwasha. Sekunde tisa za stata kabla halijashika, tena kwa kukohoa.

Siku ya 3. 214,391

Nimempigia mzee mmoja mwenye 280 SE ya bodi hii hii, aliyekaa nayo tangu ilipokuwa mpya. Nilimweleza mpango wangu wa kuanza na hilo tatizo la kuwaka.

"Mwanangu, linawaka au haliwaki?"

"Linawaka, mzee, ila linachelewa."

"Basi liache lichelewe. Kwanza shughulikia kinacholisimamisha, pili kinacholiongoza, tatu kinacholipoza. Injini itakungoja. Redio haina haraka."

Sikupenda jibu lile, lakini nimelifuata. Nikainua gurudumu moja moja. Tairi zote nne zina kashata (meno ya tairi) nzuri, ndefu, karibu mpya. Halafu nikasoma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi zile zina miaka kumi na mmoja. Mpira wake mgumu kama soli ya kiatu cha mvua, na ukiukunja kidogo kwa kidole gumba unaona nyufa nyembamba kati ya kashata. Gari la kifahari likikaa sana ndani, tairi zake hufa kwa uzee kabla ya kulika. Zimetoka zote.

Mafuta ya breki yalikuwa ya rangi ya chai. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa hata kama gari halitembei, na maji yakiingia, kiwango chake cha kuchemka hushuka. Ndipo pedali huzama kwenye mteremko mrefu, siku ambayo hutaki izame. Nimeyamwaga yote na kuweka mapya ya daraja la DOT 4, nikianza na gurudumu lililo mbali na pampu. Kila miaka miwili, bila kujali kilomita. Hozi za breki za mbele zilikuwa zimevimba kwa ndani: kaliper ya kushoto, kile kinachobana diski ya breki, ilikuwa inashika lakini haiachii. Nimebadilisha hozi zote, siyo moja.

Wiki ya 2. 214,430

Upoozaji. Hapa nimepata somo langu la kwanza.

Nilitaka tu kubadilisha hozi ya juu ya rejeta. Nikalegeza klipu, nikaishika hozi, nikaizungusha taratibu. Ikasikika kama mtu anayevunja biskuti. Nilipoivuta, nikakuta mkononi nina hozi, na ndani ya hozi kuna pete ya plastiki ya kahawia: shingo ya rejeta. Plastiki ya miaka mingi kwenye joto la kila siku hubadilika ikawa kama chungu cha udongo. Hainyumbuki tena, inakatika. Nimeisaga kipande chake kati ya vidole na kikawa unga.

Nilikasirika kwa dakika tano, kisha nikakaa chini nikatafakari ingekatikia wapi kama isingekatika hapa. Hedi ya injini hii ni ya alumini. Ikikosa maji kwa dakika chache inapinda. Rejeta ni kazi ya nusu siku, hedi ni kazi ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa yeyote mwenye rejeta ya vichwa vya plastiki iliyopita miaka kumi na tano, ya Mercedes, BMW au nyingine yoyote: usiihukumu kwa macho kwa kuwa haivuji. Hesabu umri wake.

Kabla ya kufunga rejeta mpya nikasafisha njia za maji. Nikamwaga maji ya zamani kwa bolti ya bloku pia, siyo kwa rejeta peke yake. Ukimwaga rejeta tu unaacha lita kadhaa za uchafu ndani ya injini. Yalitoka ya rangi ya kutu, na hiyo ni dalili kwamba aliyetangulia alikuwa anajaza maji ya bomba. Watu hudhani kupozea injini kwa dawa ya rejeta ni kwa ajili ya nchi za barafu. Barafu ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kuzuia alumini na chuma visilane, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nimetumia asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji, nikaiendesha injini hadi ikapata moto, nikamwaga, nikasuuza mara tatu, kisha nusu dawa na nusu maji yaliyotoneshwa.

Thamostati mpya ya nyuzi 87. Ina katundu kadogo ka kutolea hewa, na hako kanapaswa kuelekea juu. Ukikaweka chini, mfuko wa hewa unabaki ndani ya hedi na mshale wa joto unaruka bila sababu inayoonekana. Najua kwa sababu niliiweka chini. Nimefungua tena.

Wiki ya 4. 214,655

Taa ya ABS inawaka na kuzima inavyotaka. Inapowaka, injini nayo inapanda na kushuka gari likiwa limesimama: mizunguko 600, 900, 600 kwa dakika, kama inayopumua.

Mambo mawili yasiyohusiana yakikosea kwa wakati mmoja, tafuta kinachoyalisha yote mawili. Kwenye gari hili kuna relei ya kuzuia volteji kupita kiasi, inayolisha kompyuta ya petroli na ya ABS. Ina fyuzi yake kichwani, ya ampea 10. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikaigonga relei kwa mpini wa bisibisi injini ikiwa inanguruma, na taa ikazima. Nikaifungua kifuniko: chini ya kioo cha kukuzia, mguu mmoja wa pini ulikuwa umezungukwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Lehemu imepasuka kwa miaka ya joto na baridi. Nimenunua mpya, ile ya zamani nimeilehemu upya na kuiweka kwenye buti iwe akiba.

Nikiwa kwenye umeme nikatoa fyuzi zote. Ni zile zenye umbo la risasi ya bunduki, ndefu, zenye ncha pande mbili, na nyingi zilikuwa za alumini. Alumini huota utando mweupe pale inapogusana na kishikilio, na utando ule haupitishi umeme vizuri. Nimesugua vishikilio kwa brashi laini ya waya na kuweka za shaba. Mataa yameng'aa zaidi na vioo vya madirisha vinapanda haraka kuliko jana. Kazi ya saa moja. Kama una gari la miaka hiyo na umewahi kuambiwa mota ya dirisha imekufa, anza hapa.

Wiki ya 6. 215,020

Usukani ulikuwa na uchezi wa karibu vidole viwili. Kila aliyeliendesha alinishauri nikaze skrubu ya boksi la usukani. Sijaigusa. Boksi likikazwa kuficha uchezi wa mahali pengine, usukani unakuwa mgumu katikati na boksi linajila. Nikamweka mtu ndani azungushe usukani huku na huku kidogo kidogo, mimi chini nimeshika jointi moja baada ya nyingine kwa mkono mtupu. Mkono unasikia kabla ya jicho. Taerodi nzima. Mkono wa katikati mzima. Mkono wa upande wa pili, ule usio na boksi, unapanda na kushuka kwenye bushi yake kama jino la mtoto. Bushi hiyo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye gari zima. Uchezi umekwisha karibu wote.

Bushi za mikono ya chini nimebadilisha pande zote mbili, na hapa naomba nikazie jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Bolti za bushi usizikaze magurudumu yakiwa yananing'inia. Ziweke, zishikize tu, shusha gari likae kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Mpira wa bushi hujipinda kuanzia pale ulipokaziwa; ukiukaza gari likiwa hewani, siku zote utakuwa umepindika na utachanika mapema. Kisha mteja anarudi kulalamika kwamba spea ilikuwa feki.

Vishikilia injini navyo vimelala. Ni vya mpira wenye kimiminika ndani, kimiminika kikitoka vinabaki kama kandambili. Mtetemo uliokuwa kwenye usukani nikisimama kwenye D umeondoka kabisa. Nilikuwa tayari kulaumu injekta.

Mwezi wa 3. 215,377

Odometa imesimama. Nimesafiri saa mbili leo na bado inasoma 215,377. Spidometa inafanya kazi, tarakimu hazizunguki. Ni ugonjwa wa umri wa mita hizi: kagia kadogo ndani kanateleza kwenye ekseli yake.

Nimecheka peke yangu barabarani. Nimekuwa nikiandika shajara hii kwa kilomita, kwa usahihi wa tarakimu sita, na sasa najiuliza mara ngapi imewahi kusimama kabla yangu na ikakaa hivyo kwa muda gani. Risiti moja ya zamani inasema 198,000. Nyingine, ya mwaka uliofuata, inasema vilevile 198,000. Nilidhani mtu aliandika kwa kukisia.

Kuanzia leo naandika kwa tarehe. Ukinunua gari la umri huu, itazame odometa kama uvumi. Angalia mpira wa pedali ya breki, ukingo wa usukani na ngozi ya kiti.

Mwezi wa 3, wiki ya mwisho

Sasa tatizo la kuwaka. Na hapa nakiri kosa langu.

Ile harufu ya petroli ya siku ya kwanza ilikuwa bado inanisumbua. Nikafungua kinga ya chini karibu na gurudumu la nyuma, mahali pampu inapokaa, nikakuta hozi fupi ya mpira yenye nyufa na jasho la petroli. Moyo ukaruka. Presha inavuja hapa, nikajiambia, ndiyo maana gari la moto halishiki. Nikabadilisha hozi, harufu ikaisha siku hiyo hiyo, nikapiga simu kwa marafiki wawili kuwatangazia ushindi.

Kesho yake: sekunde tisa, na kukohoa kulekule.

Hozi ilistahili kubadilishwa. Petroli inayovuja karibu na ekzosi haina mjadala. Lakini nilikuwa nimefanya kile kile nilichowacheka wenzangu kwenye risiti: nimeona kitu kibovu, nikakivisha lawama ya kitu kingine. Basi nikarudi mwanzo na kwenda hatua kwa hatua.

Swali la kwanza ni kama kinachokosekana ni moto (cheche za plagi) au petroli. Gari likiwa la moto na linagoma, nikaweka taa ya kupimia kwenye waya wa plagi. Inamulika vizuri. Moto upo. Koili, plagi na betri za watu wale zote hazikuwa na hatia.

Swali la pili halihitaji kifaa chochote, na ningependa kila mwenye KE-Jetronic, mfumo wa kupulizia petroli kama wa gari hili, alijue. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu hunguruma kwa muda mfupi kisha hunyamaza. Nikafanya hivyo mara tano mfululizo, swichi wazi, swichi funga, halafu nikapiga stata. Likashika papo hapo. Maana yake petroli ikishapata presha, gari halina tatizo; kinachokosekana ni presha ya kubaki ndani ya mabomba baada ya kuzima. Bila presha hiyo, joto la injini huichemsha petroli ndani ya mabomba, ikawa mvuke, na injekta haziwezi kupulizia mvuke. Likipoa usiku kucha hakuna mvuke, ndiyo maana asubuhi halina shida.

Swali la tatu linataka geji. Nimeazima moja inayofika bar 10 (bar ni kipimo cha presha) na kuifunga kwenye kigawa petroli. Kabla ya hapo nilitoa presha, nikaondoa waya wa betri, nikaweka kizimamoto karibu na mlango. Mfumo huu unafanya kazi kwa zaidi ya bar 5, na petroli ya presha hiyo ikirukia kitu cha moto hutapata muda wa kujuta. Injini ikinguruma: 5.4. Nikazima, nikatazama mshale. Dakika ya kwanza 3. Dakika ya pili 1 na kitu. Dakika ya nne sifuri. Inatakiwa ikae juu ya bar 2 kwa nusu saa.

Sasa inaondokea wapi? Kuna akumuleta, kikopo cha chuma chenye kiwambo na springi ndani, kazi yake ni kushikilia presha. Kiwambo kikichanika, petroli hupita upande wa nyuma. Nikachomoa kahozi ka nyuma yake: pakavu. Akumuleta ni nzima, na nilikuwa nimeshaiweka kwenye oda. Nimeifuta oda.

Nikawasha tena mpaka presha ikapanda, nikazima, na papo hapo nikabana kwa koleo la hozi ile hozi inayotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu. Mshale ukasimama. Dakika tano umesimama. Dakika kumi umesimama. Nikaachia koleo, ukaanguka kama jiwe. Petroli ilikuwa inarudi tangini kupitia pampu, na kinachopaswa kuizuia ni valvu ya njia moja iliyofungwa kwa nyuzi mdomoni mwa pampu.

Lakini pampu ni ya miaka miwili tu, risiti ninayo! Nikaenda chini na tochi. Pampu yenyewe inang'aa. Valvu iliyokaa mdomoni mwake ina kutu na alama za spana za miaka mingi. Valvu ile huuzwa peke yake, na aliyefunga pampu mpya alihamisha ile ya zamani akaifungia humo. Ni kitu cha ukubwa wa kiungo cha kidole gumba.

Valvu mpya, washa mbili mpya za shaba, dakika arobaini za kazi. Geji baada ya nusu saa: 2.8. Gari la moto sasa linashika kabla sijaondoa mkono kwenye ufunguo. Nimelizima na kuliwasha mara sita mchana mmoja bila sababu, kwa raha tu.

Nimempigia mzee. Akasema, "Umesema hozi ndiyo iliyokuwa inavuja?" Nikamwambia hapana, mzee, hiyo ilikuwa nyingine. Akacheka muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mwezi wa 5

Giaboksi inapiga teke kutoka ya pili kwenda ya tatu na inachelewa kubadili. Nimeipeleka gereji moja kusikia maoni. Wameiendesha dakika mbili na kusema inataka kufunguliwa yote. Hawakuvuta hata kijiti cha kupimia mafuta.

Giaboksi hii hujua mzigo wa injini kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa hadi kwenye modulata, kifaa kinachopanga presha ya mafuta ya giaboksi. Mvuto ukikosekana inadhani umekanyaga hadi chini muda wote, ikapandisha presha, ikabadili kwa kuchelewa na kwa teke. Nikafuata bomba jembamba la plastiki toka juu mpaka chini. Mwishoni lina kiwiko cha mpira. Kiwiko kimepasuka kwa urefu, ukikibonyeza kinafungua mdomo kama samaki. Kiwiko kipya, teke limekwisha.

Modulata nayo niliikagua kwa kuchomoa hozi na kutazama kama ina unyevu wa mafuta ndani. Mafuta ya giaboksi yakipungua na chini hakuna tone, na ekzosi inatoa moshi mweupe, kiwambo cha modulata kimechanika na injini inayanywa kupitia bomba hilo. Yangu kavu.

Nimebadilisha mafuta na filta pia. Torki konvata, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, ina bolti yake ya kumwagia kwenye giaboksi hii. Zungusha injini kwa mkono mpaka uione kwenye tundu. Ukimwaga sampo (trei la mafuta la chini) tu unabadilisha nusu. Kijiti cha kupimia kina ujanja: kati ya alama ya chini na ya juu kuna lita 0.3 tu, na husomwa mafuta yakiwa ya moto, injini ikinguruma, gia ikiwa P. Watu wanaipima baridi na kumimina lita nzima.

Mwezi wa 5, Jumapili

Tulikutana wenye magari ya rika hili, wanne. Naandika niliyoyabeba kabla sijasahau.

Mwenye Lexus LS 400 ana mkanda wa taimingi, siyo mnyororo kama mimi. Hubadilishwa takriban kila kilomita 150,000. Injini za mwanzo ukikatika unasimama tu barabarani; zile za mwisho zenye VVT-i, mfumo wa kubadili wakati wa kufunguka kwa valvu, valvu zinagongana na pistoni. Pia pampu ya usukani huvujia alternata iliyo chini yake, kwa hiyo alternata ikifa, tazama juu kabla ya kununua nyingine.

Mwenye BMW ya E38 yenye V8 alizungumzia plastiki tu kwa saa nzima: tangi la maji, mabomba, miongozo ya mnyororo. Mwenye S-Class ya W220 ana springi za hewa. Ushauri wake ni mmoja na ni mzuri: gari likilala upande mmoja usiku, ziba uvujaji sasa hivi, kwa sababu kompresa inayofukuzana na uvujaji kila siku itakufa nayo.

Mimi nilitaja waya. Wanaotafuta Mercedes za takriban 1992 hadi 1995 wafungue kifuniko cha waya za injini kabla ya kulipa: ganda la waya za miaka hiyo huwa gumu na kumong'onyoka kama ganda la yai. Yangu ya 1988 haimo kwenye balaa hilo.

Tulikubaliana wote kwenye jambo moja, na nadhani ndilo huwapata wengi: gari hushuka thamani, spea zake hazishuki nalo. Unanunua gari kwa bei ya mtu wa kawaida na unalitunza kwa bei ya yule tajiri wa kwanza. Usiponunua la bei ya chini kabisa sokoni, ukalipa zaidi kidogo kwa lililotunzwa, unaokoa. Mwenye E38 alisema hivyo kisha akakiri yeye hakufanya hivyo.

Mwezi wa 6

Milango. Kufuli zake hufunga kwa hewa, na pampu iliyo nyuma ilikuwa inanguruma sekunde thelathini kila nikifunga. Nimechomoa laini moja moja na kuiziba kwa skrubu. Nilipoziba ya mlango wa nyuma kushoto, pampu ikanyamaza. Kiwambo cha mlango huo kimechanika. Kimebadilishwa.

Nikiwa nimevua paneli ya mlango nikazibua na mitaro ya sanrufu, kwa waya laini wa plastiki, siyo chuma. Kilichotoka kwenye mmoja kilikuwa udongo uliokwishaota kijani.

Mwezi wa 7

Odometa imetoka, kagia kamegundishwa kwenye ekseli yake, imerudi. Leo asubuhi ilisoma 215,377, nikaendesha, ikasoma 215,378. Nimebandika kipande cha karatasi ndani ya kifuniko cha kisanduku cha dashbodi kinachoeleza tarehe iliyosimama na tarehe iliyotengenezwa, ili atakayelinunua baada yangu asidanganyike kama mimi.

Yaliyobaki. Moshi wa buluu nikiwasha asubuhi, pumzi moja tu kisha unapotea: sili za valvu zimekauka. Oili inapungua kidogo na mgandamizo wa silinda zote uko karibu sawa, kwa hiyo hiyo inangoja. Kuna jasho la oili mbele ya injini, kwenye kifuniko cha juu cha mnyororo. Nalo linangoja, ila nimelisafisha ili nione linarudi kwa kasi gani.

Lisilongoja ni hili. Jana baada ya mvua nilifungua buti nikakuta zulia lina unyevu, na kona ya chini ya kioo cha nyuma, chini ya raba, rangi imeinuka kwa upana wa ukucha. Nimeibonyeza kwa ncha ya bisibisi na bisibisi imezama. Jumamosi kioo kinatoka.